Yasmini ipi hasa? Tiba za mimea zitajwe kwa jina kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu safu yenu ya afya, ile inayoeleza tiba za asili za vichaka vyenye maua yanayonukia. Ninaisoma kila inapotoka, na ninajua kwamba si mimi peke yangu, kwa kuwa nimeona vipande vyake vimekatwa kwa mkasi na kubandikwa ukutani jikoni, au vimekunjwa na kuhifadhiwa ndani ya daftari pamoja na kadi za kliniki za watoto. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Habari nyingine za gazeti husomwa leo, na kesho karatasi ikafungiwa vitu, lakini tiba hukatwa ikawekwa, na miaka mitano baadaye yupo mtu atakayeifuata neno kwa neno usiku wa manane, mgonjwa akiwa kando yake.

Safu ya hivi karibuni iliwashauri wanaokosa usingizi wachume "maua ya yasmini", wayachemshe, na wanywe maji yake kabla ya kulala. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye usingizi umemhama tangu afiwe na mumewe, aliikata safu hiyo akanijia nayo jioni, kwa sababu anajua kwamba nimekuwa nikipanda na kutunza vichaka vya namna hii kwa miaka mingi. Alikuwa na furaha. Nje ya dirisha lake kuna kichaka ambacho yeye na watoto wake wamekiita yasmini ya usiku tangu kilipopandwa, na alichotaka kuniuliza ni kimoja tu, kama achume maua yaliyokwisha kuchanua au vitumba.

Tulikwenda pamoja kukitazama, jua likiwa limekwisha kuzama na harufu imeanza kuja. Nilishika tawi moja nikalisogeza kwenye mwanga wa taa. Maua yalikuwa membamba kama njiti za kiberiti, marefu, meupe yenye ukijani kidogo, na ncha zake zilikuwa zimechanuka kuwa pembe tano ndogo. Majani yalipangana kwa zamu, moja upande huu na jingine upande ule, wala sikuona mahali yalipoota mawili yakitazamana. Yasmini nyeupe yenyewe, ambayo wengine huiita asumini na ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac, huota majani mawili mawili yanayokabiliana, au matatu matatu kwenye fundo moja, na ua lake ni pana, lenye petali nene kama za nta. Kichaka cha jirani yangu ni Cestrum nocturnum, mmea wenye asili ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, wa ukoo mmoja na mnavu na tumbaku. Una sumu, na matunda yake madogo meupe hayafai kuliwa na mtu wala mnyama. Harufu yake ya usiku ndiyo iliyoufanya ubandikwe jina la yasmini katika lugha nyingi, ingawa na yasmini hawana udugu wowote wa karibu. Nilimwomba mama yule asichume kitu mpaka niandike barua hii, naye alikubali, lakini niliona furaha imemtoka usoni.

Sisemi kwamba mwandishi wa safu amezua jambo. Yasmini ina historia ndefu ya kutumiwa kwa tiba, na ninaiheshimu. Nchini India, akina mama waliotaka kukausha maziwa baada ya kujifungua walifungiwa maua mabichi ya Jasminum sambac kifuani, na mwaka 1988 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kuyalinganisha maua hayo na bromokriptini, dawa ya hospitali iliyokuwa ikitumiwa kwa shughuli hiyo hiyo, wakakuta kwamba maua nayo yanapunguza maziwa. Tazama lakini jinsi tiba hiyo ilivyokamilika: mmea unajulikana, sehemu yake ni ua, ua ni bichi, na linawekwa juu ya ngozi bila kunywewa. Ondoa kimoja kati ya hivyo na tiba inakuwa kitu kingine. Na mama anayenyonyesha, akisoma safu inayosema tu kwamba yasmini ni nzuri kwa usingizi, atajuaje kwamba maua hayo hayo, yakifungwa kifuani, yanaweza kumkaushia maziwa?

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila tiba ya mmea inayochapishwa katika gazeti lako iandikwe pamoja na jina la kisayansi la mmea huo, sehemu yake inayotumika, na namna ya kuitayarisha pamoja na kipimo. Hayo hayatachukua zaidi ya mistari mitatu. Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuchapisha miongozo yake ya mimea ya dawa mwaka 1999 lilifuata utaratibu huo huo, mmea kwa mmea, na sioni kwa nini msomaji wa gazeti apewe pungufu ya kile anachopewa mfamasia.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Majina yetu ya mimea ni matamu na yana hekima yake, lakini mengi yalitungwa kwa kufuata harufu, na harufu hazina mipaka. Chukua kivumbasi. Jina hilo hutumiwa kwa mimea zaidi ya mmoja ya jenasi, yaani kundi la mimea ya udugu wa karibu, iitwayo Ocimum. Mmoja, Ocimum kilimandscharicum, una kafuri nyingi, na ukifikicha jani lake unaisikia mara moja ikipanda puani kwa ubaridi. Mwingine, Ocimum gratissimum, una aina ambazo mafuta yake yametawaliwa na eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake, na una aina nyingine zenye kemikali nyingine ya harufu, timoli, kwa wingi. Mtu aliyefundishwa kutumia mmoja akapata mwingine hatadhurika lazima, lakini hatakuwa ametumia dawa aliyofundishwa. Eujenoli hutia ganzi kidogo kwenye fizi. Kafuri ikimezwa kwa wingi huleta degedege, hasa kwa mtoto. Je, ni haki kuandika "chukua kivumbasi" na kuishia hapo?

Lavenda nayo ni hivyo hivyo, na kwa kuwa siku hizi inasifiwa kila mahali ningependa kukaa nayo kidogo. Ile inayosifika kwa kutuliza ni Lavandula angustifolia, ambayo mafuta yake yana linaloli, kemikali ya harufu laini, kwa wingi na kafuri kidogo sana. Iko nyingine ya majani mapana, Lavandula latifolia, yenye kafuri nyingi pamoja na sineoli, kemikali ya harufu kali kama ya mkaratusi, na iko ya tatu, Lavandula stoechas, yenye vishungi vya zambarau kileleni kama masikio ya sungura, ambayo nayo ina kafuri. Mbili za kwanza zilizaa chotara asiyetoa mbegu, lavandini, anayepandwa kwa vipandikizi, na kwa kuwa hutoa mafuta mengi zaidi kwa kila shamba ndiye aliyeenea katika sehemu kubwa ya mashamba yale ya zambarau ya Provence nchini Ufaransa ambayo picha zake tunaziona kila siku. Zote nne huitwa lavenda. Shirika la Dawa la Umoja wa Ulaya, linapokubali kwamba mafuta ya lavenda yana desturi ndefu ya kutumiwa kupunguza dalili za msongo wa mawazo na kusaidia usingizi, linazungumzia ile ya kwanza na kuitaja kwa jina lake kamili.

Nina sababu ya kuwa mkali katika hili, na naomba nisimulie ilivyokuwa. Miaka kadhaa iliyopita binti wa mdogo wangu, akiwa na miezi minne, aliziba pua kwa mafua. Mama yake alikuwa amesoma mahali, si katika gazeti lako, kwamba lavenda humtuliza mtoto na kumfungua pua. Alinunua kichupa chenye picha ya maua ya zambarau, akampaka mtoto chini ya pua, matone mawili. Nilikuwepo. Mtoto alishtuka, akakakamaa, pumzi ikakatika kwa muda ambao sitausahau, kisha akalia. Tulimpeleka hospitali na, kwa rehema za Mungu, alipona siku ile ile. Daktari aliyekuwa zamu alikichukua kile kichupa na kukigeuza huku na huku chini ya taa akitafuta jina la mmea, hakuliona. Alituuliza ni lavenda gani, tukamjibu kwamba ni lavenda. Aliuliza kama ndani yake mna kafuri. Hakuna kati yetu watu wazima watatu aliyeweza kumjibu, na mpaka leo sijui kilikuwa na nini. Kafuri, mentoli na sineoli hazipaswi kabisa kusogezwa puani mwa mtoto mchanga, kwani zinaweza kumbana pumzi. Hilo nalijua sasa, na ningetamani kulijua wakati ule, likiwa limechapishwa kwa mstari mmoja chini ya sifa zile zote.

Kuhusu sehemu ya mmea sitasema mengi, maana mhina peke yake unatosha kuwa mfano. Ni kichaka kimoja, Lawsonia inermis, lakini maua yake madogo ya rangi ya malai hutoa manukato, wakati majani yake, ambayo hayana harufu ya kupendeza hata kidogo, ndiyo yenye lawsoni, rangi inayoshika kwenye ngozi na kucha. Kwa vizazi vingi majani hayo yamepakwa kwenye vidonda vya fangasi na kwenye nyayo zilizopasuka. Hina safi ya majani kwa mtu mzima mwenye afya haina neno. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayorithiwa na iliyoenea hasa katika nchi ambazo malaria imekaa kwa muda mrefu, hina iliyopakwa juu ya ngozi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu hadi akahitaji kuongezewa damu. Tena ile iitwayo hina nyeusi, au piko, mara nyingi haina jani la mhina kabisa, bali ina kemikali ya rangi za nywele iitwayo kwa kifupi PPD, inayounguza ngozi na kuacha makovu. Safu yenu iliwahi kuisifu hina kwa nusu ukurasa, na maneno "majani", "mtoto" na "nyeusi" hayakuonekana humo.

Sasa nije kwenye namna ya kutayarisha, ambako nadhani ndiko kwenye siri yote ya vichaka hivi, na ambako wazee walikuwa mafundi kuliko tunavyowasifu.

Chuma jani la rozmari uligeuze. Upande wa chini lina utando mweupe wa vinywele laini, na kati ya vinywele hivyo, ukiwa na kioo cha kukuzia, utaona vidoto vinavyong'aa mithili ya umande. Hizo ni tezi za mafuta. Jani likiwa limetulia hunukia kidogo tu, lakini ukilifikicha tezi hupasuka, na mkono wako unabaki na harufu mpaka jioni. Mafuta hayo ni tete, yaani huruka hewani yanapopata joto, na kwa hiyo anayechemsha majani ya kunukia katika sufuria iliyo wazi huijaza nyumba harufu nzuri huku chungu kikibakiwa na uchungu na rangi. Bibi aliyenilea hakuwahi kusikia neno tezi, lakini maji yake yakichemka aliyaepua kwanza, ndipo akatia majani na kufunika, na mfuniko ulipoinuliwa alihakikisha matone yaliyoganda chini yake yanarudi ndani ya chombo. Kupiga nyungu kulikuwa shughuli nyingine kwake, kwa sababu hapo mvuke ndio dawa, na majani mengine aliyaponda tu na kuyabana mahali panapouma. Kila jani alilipa njia yake, na angemkemea mtu aliyezichanganya.

Waridi linaonyesha jambo hilo hilo kwa uzuri zaidi. Katika bonde la Kazanlak nchini Bulgaria, Isparta nchini Uturuki na milima ya Taif nchini Saudi Arabia, waridi la Rosa damascena huchumwa alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu joto la mchana huyapunguza mafuta yake. Hukenekwa kwa mvuke, na huhitajika takribani tani 3 hadi 5 za maua kupata kilo 1 ya mafuta. Maji yanayobaki baada ya mafuta kuenguliwa nayo yananukia, kwani mojawapo ya kemikali kuu za harufu ya waridi huyeyuka vizuri katika maji, tofauti na nyingi za wenzake. Maji hayo ndiyo yaliyotumiwa kwa karne nyingi kuosha macho yenye uchovu, kupoza ngozi iliyoungua na jua, na kutuliza moyo wa mgonjwa. Mafuta na maji vimetoka katika chungu kimoja na ua moja, lakini ole wake atakayetia mafuta machoni kwa kuwa amesoma kwamba waridi ni zuri kwa macho.

Yasmini, kwa upande wake, haivumilii kabisa joto la kukenekwa. Mafundi wa manukato wa mji wa Grasse nchini Ufaransa walikuwa wakiyalaza maua mabichi juu ya mafuta mazito yaliyopakwa kwenye vioo, wakiyabadilisha siku baada ya siku mpaka mafuta yakashiba harufu. Wachina huyalaza kwenye majani ya chai usiku kucha, wakati ua linapochanua na kutoa pumzi yake, kisha asubuhi huyatenga. Nataja haya kwa sababu safu yenu iliagiza maua ya yasmini yachemshwe, na mimi sijui desturi iliyotoka wapi inayoyachemsha.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa mmea ambao si kichaka cha kudumu bali huishi msimu mmoja, ingawa hurefuka kumpita mtu na kunukia kwa nguvu. Wachina huuita qinghao, na jina hilo kwao lilibeba zaidi ya mmea mmoja wa jenasi ya Artemisia, kama kivumbasi kwetu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria, vimiminika walivyoandaa kwa joto havikufanya kazi ya kutegemewa. Tu alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza konzi ya mmea iloweshwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Hapakutajwa moto. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, na mwaka 1971 akapata kimiminika kilichoua vimelea kikamilifu katika wanyama wa majaribio. Ikagundulika pia kwamba dawa, artemisinini, imo katika Artemisia annua na si katika kila qinghao. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Kila nikiisoma habari hiyo natamani kila mwandishi wa tiba za asili aiweke mezani kwake, kwa kuwa Ge Hong aliandika mstari mmoja tu, lakini katika mstari huo aliweka kipimo na namna, na miaka zaidi ya 1,600 baadaye ikafaa.

Hili linanirudisha kwenye vichupa vya mafuta, ambavyo safu yenu imeanza kuvitaja mahali pa majani kana kwamba ni kitu kimoja. Majani makavu ya rozmari yana mafuta kiasi cha asilimia 1 hadi 2.5. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo, yaani mililita 5, ni mavuno ya takribani gramu 200 hadi 500 za majani makavu, wakati kikombe cha chai ya rozmari huandaliwa kwa gramu 1 au 2. Tone moja la kichupani linakaribia mafuta yote yaliyomo katika majani ya kikombe kizima. Bibi yangu asingeweza kumnywesha mgonjwa kiasi hicho hata kama angetaka, maana tumbo lingekataa majani kabla ya dawa kumdhuru. Ukubwa wa jani ulikuwa ulinzi wake, na kichupa kimeuondoa.

Mara nyingi husimuliwa jinsi mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé alivyoungua maabara mwaka 1910, akatumbukiza mkono katika pipa la mafuta ya lavenda lililokuwa karibu, na mkono ukapona papo hapo bila kovu. Yeye mwenyewe hakuandika hivyo. Aliandika kwamba baada ya kuungua, vidonda vyake vilishikwa na uozo wa gesi, na kwamba kusafisha kwa lavenda kulizuia uozo huo. Alikuwa mtaalamu, alijua alichonacho mkononi, na alikuwa akipambana na uambukizo. Hadithi ya pipa ndiyo inayowafanya watu leo wamimine mafuta makali juu ya ngozi iliyoungua, jambo linaloongeza kidonda.

Najua yatakayosemwa dhidi ya ombi langu. Wapo watakaosema kwamba majina ya Kilatini yatamfukuza msomaji wa kawaida. Lakini hakuna anayemtaka ayakariri. Ni ya kumwonyesha muuza miche, muuguzi au mwalimu wa baiolojia, na kumwuliza, "Je, huu ndio huu?" Utaratibu wa majina mawili uliwekwa na mtaalamu wa mimea wa Sweden, Linnaeus, mwaka 1753 kwa haja hiyo hiyo, ili watu wasioelewana lugha waelewane mmea. Tena wasomaji wetu hutamka majina ya dawa za shinikizo la damu na kisukari bila kusita, kwa sababu ni afya yao.

Wengine watasema kwamba wazee hawakuhitaji majina hayo. Ni kweli, nami nimelelewa na mmoja wao. Lakini bibi hakunifundisha kwa karatasi. Alinipeleka kwenye kichaka, akanivunjisha tawi nione kama linatoa utomvu, akaninusisha, akanionyesha kinachofanana nacho ambacho nisikiguse kamwe, na alirudia hivyo misimu mingi kabla hajaniruhusu kuchuma peke yangu. Oleanda ina maua yenye harufu tamu na inaweza kusimamisha moyo. Bibi aliipanda kando, mbali na njia ya watoto, na sababu yake kila mtoto aliijua. Lantana, ambayo majani yake yamefukizwa kufukuzia mbu, humharibu ng'ombe ini akiila. Mafunzo ya namna hiyo yalikuwa na mkono unaoshika mkono. Gazeti halina mkono, na jina kamili la mmea ndilo kidole pekee linachoweza kunyoosha.

Ili nisionekane nataka mambo mazito, naomba nionyeshe jinsi habari ya rozmari ingeweza kuandikwa. "Rozmari, Salvia rosmarinus, ambayo hadi mwaka 2017 ilijulikana zaidi kama Rosmarinus officinalis. Hutumika majani. Kwa tumbo lililojaa gesi au chakula kisichosagika vizuri, tia gramu 1 hadi 2 za majani makavu, takribani kijiko kimoja cha chai, katika mililita 150 za maji yaliyochemka, funika, kisha chuja unywe, mara 2 au 3 kwa siku. Si kwa watoto walio chini ya miaka 12, wala kwa mjamzito, wala kwa mwenye njia ya nyongo iliyoziba. Mafuta ya rozmari yasinywewe badala ya majani." Basi. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotambuliwa kwa matumizi ya desturi barani Ulaya, na maneno yote hayafiki nusu ya nafasi inayochukuliwa na picha ya safu yenyewe.

Mwandishi wenu anaijua mimea. Nimemsoma kwa muda mrefu kiasi cha kuliamini hilo. Namwomba arejee kwenye safu ile ya usingizi na kutuambia ni yasmini ipi aliyoikusudia, ua lichumwe likiwa limechanua au la, na kwa nini lichemshwe. Mama yule bado ameibandika ukutani, na kila ninapopita jioni huniuliza kama gazeti limejibu.

Wako katika shughuli za bustani,
Msomaji wenu wa siku nyingi